Ndezi Shambani, Bunduki Ndogo Mkononi

Wazee wa Kiluba husimulia ya kuwa ufalme wao ulitokana na mwindaji. Mbidi Kiluwe alitoka mashariki akifuata mawindo, akafika katika nchi ya Nkongolo Mwamba, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyetawala baadaye. Katika masimulizi hayo Mbidi hasifiwi kwa shabaha tu. Asifiwa zaidi kwa adabu yake, na jinsi alivyojua kujizuia. Tuyakumbuke hayo, maana leo twataka kusema habari ya uwindaji mdogo: si wa tembo wala wa nyati, bali wa wanyama wadogo wanaokula jasho la mkulima, na wa bunduki ndogo inayotumika kuwapiga.

Mwizi wa usiku

Mama mmoja mjane, mwenye shamba nje ya mji wa Kamina, aliamka alfajiri akaenda kutazama mahindi yake yaliyokuwa karibu kukomaa. Akakuta mistari mitatu imelala chini. Kila bua lilikuwa limekatwa karibu na ardhi, mkato wa mshazari, kana kwamba mtu amepita na panga. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliketi juu ya kichuguu akahesabu mabua, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karo ya watoto wake.

Mwizi huyo ni ndezi, ambaye wengi katika Kongo humwita simbiliki. Ni jamaa ya panya, lakini dume mkubwa aweza kupita kilo 6. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya machungwa, tena makali mno. Mchana hujificha katika nyasi ndefu na matete. Usiku hutoka kula mahindi, miwa, mihogo na karanga. Naye ana wenzake. Panya buku hujaza karanga katika mifuko ya mashavu yake, akazipeleka shimoni. Fuko hatoki nje ila kwa nadra: huchimba njia chini ya shamba na kula viazi na mihogo kutoka upande wa mizizi. Wataalamu walipowapa mafuko wa nchi zetu jina la kitaalamu mwaka 2006, walichukua neno letu lenyewe wakaita Fukomys.

Taabu hii si yetu peke yetu. Huko Marekani yuko mnyama aitwaye marmota, jamaa ya kindi, achimbaye mashimo makubwa mashambani na kula maharagwe ya watu. Farasi akitia mguu katika shimo lile aweza kuvunjika. Kwa hiyo wakulima wa kule wamezoea kumvizia kwa bunduki zenye mtutu mwembamba.

Risasi ndogo si mchezo

Risasi iliyoenea kuliko zote za namna hii ilitengenezwa huko Marekani mwaka 1887. Upana wake ni milimita 5.6 hivi, na kichwa chake cha risasi, yaani cha madini yale mazito na laini, huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi. Mlio wake ni mdogo, wala haimpigi mtu begani kwa nguvu. Hiyo ndiyo hatari yake. Kijana aishikapo hudhani ni kitu cha kuchezea. Lakini risasi ile, isipozuiliwa, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 1. Ikigonga jiwe au maji kwa mshazari, huruka na kugeuka upande usiotazamiwa.

Niruhusuni niseme jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilifuatana na mjomba wangu, aliyekuwa na bunduki ya namna hiyo na ruhusa yake. Ilikuwa majira ya kiangazi, nyasi zimekauka. Mbwa wetu, mwenye kengele ya mti shingoni, alimfukuza ndezi kutoka vichakani. Mjomba alikuwa amenipa bunduki niishike. Niliinua, nikalenga, kidole tayari. Ghafula mkono wa mjomba uliushika mtutu na kuukandamiza chini.

Nikasema kwa hasira, “Mjomba, amekimbia!”

Akanijibu kwa sauti ya chini, “Mwipwa wangu, ndezi nimemwona. Wewe, umeona nini nyuma yake?”

Nikatazama. Hatua mia hivi mbele, nyuma ya pazia la nyasi, wanawake wawili walikuwa wakifunga kuni. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kumrudishia bunduki. Siku ile tulirudi bila nyama, na mjomba hakunikaripia. Alijua ya kuwa sihitaji maneno zaidi.

Tangu hapo nimeshika sheria chache, nami nawapa vijana. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejaa. Mtutu usielekezwe kamwe kwa mtu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka shabaha iwe wazi. Asipigwe mnyama asiyeonekana vema, wala asimamaye juu ya kilima ambapo nyuma yake ni mbingu tupu; nyuma ya shabaha pawe na udongo wa kuipokea risasi. Na nyumbani bunduki ifungiwe mahali pake, risasi mahali pengine.

Zaidi ya hayo kuna sheria za nchi. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 yamtaka mwindaji awe na kibali, na ile ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 yataka ruhusa kwa mwenye kuweka bunduki. Wala asithubutu mtu kuwinda katika hifadhi ya Upemba, iliyowekwa tangu mwaka 1939.

Nyama na afya

Nyama ya ndezi ni tamu, wala hakuna asiyejua. Lakini tusile kwa pupa. Mwaka 1970, huko Basankusu katika Ekwateri, mtoto mchanga alikuwa mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa na ugonjwa wa ndui ya nyani. Na wataalamu hushuku zaidi kindi na panya wa msituni kuliko nyani wenyewe. Basi mnyama aliyeokotwa amekufa asiliwe. Watoto wasichune. Mwenye kidonda mkononi asiguse damu, na kila achunaye anawe kwa sabuni. Nyama ipikwe hata iive kabisa. Tena nyama iliyozunguka tundu la risasi ikatwe na kufukiwa, kwa kuwa vipande vidogo vya madini yale ni sumu, hasa kwa watoto.

Akili hupita baruti

Je, yule mjane alinunua bunduki? Hakununua, wala hakuwa na fedha ya kununulia. Jirani zake walikuja na majembe wakafyeka nyasi kuzunguka shamba lote, upana wa hatua nyingi, kwa maana ndezi huogopa kuvuka mahali peupe. Wakajenga uzio wa fito, wakaacha mianya michache na kutega mitego humo. Katika juma la kwanza walinasa ndezi wawili. Mahindi yaliyobaki yakavunwa.

Tukumbuke pia wasaidizi wetu tusiowashukuru. Bundi, ambaye wengi humwua kwa hofu ya uchawi, hula panya kila usiku. Kanu vilevile, na chatu humeza ndezi mzima. Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Na wale wachomao pori zima ili kupata wanyama watano huwaua wasaidizi hao pamoja na wezi, wakaunguza na mihogo ya jirani.

Huko Benin na Ghana watu wamefika mbali zaidi: wamefuga ndezi vibandani, wakawalisha majani na kuuza nyama sokoni. Mwizi amegeuka kuwa mfugo! Vijana wetu wa Kamina wangeweza kujaribu vivyo hivyo.

Simdharau mwindaji, mjomba wangu alikuwa mwindaji hodari. Lakini kila nionapo kijana akitembea na bunduki ndogo begani, namwuliza swali lile nililoulizwa mimi: umeona nini nyuma yake? Akiweza kunijibu, namwacha aende zake.