Askofu Aliyekwenda Busia: Habari za Maisha ya Alexander Muge

Msafiri atokaye Bungoma na kupita Webuye kwenda Eldoret hupita Kipkaren, karibu na Turbo. Mahali hapo alifariki Askofu Alexander Kipsang Muge tarehe 14 Agosti 1990. Vijana wengi wa siku hizi hupita pale bila kujua habari zake, kwa hiyo yafaa tuzikumbushe.

Muge alikuwa mtu wa kabila la Wanandi. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kanisa. Alikuwa askari wa kikosi cha GSU. Baadaye aliacha bunduki, akasomea uchungaji hapa Kenya na Uingereza, kisha akatumika katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Mwaka 1983 Kanisa la Anglikana lilianzisha Dayosisi ya Eldoret, naye akawekwa kuwa askofu wake. Ilikuwa dayosisi kubwa, maana Kitale na nchi yote ya Pokot Magharibi zilikuwa chini yake.

Kila mkulima ajua kwamba Kitale ni ghala la mahindi. Lakini ukiondoka Kitale na kupita Kapenguria kwenda kaskazini, unafika katika nchi kavu ambako mvua ikikosa, mifugo hufa, kisha watu hufuata. Katika miaka ya 1980 Askofu Muge alizuru sehemu hizo, na aliporudi akasema waziwazi kwamba watu wanakufa kwa njaa. Wanasiasa walikasirika, wakakana na kumlaumu kwamba analiaibisha taifa. Naye hakuyafuta maneno yake.

Sisi makarani twaweza kuielewa habari hii vema. Taarifa ikiandikwa kwamba hali ni njema, huenda mkubwa akafurahi. Lakini karatasi haipikwi. Gunia la unga halitoki ghalani kwenda kwa mtu ambaye taarifa yasema ameshiba. Ndiyo sababu aliyesema kweli juu ya njaa aliwafaa wenye njaa kuliko wote waliolinda sifa.

Siku zile Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja, KANU. Mwaka 1986 chama hicho kilikata shauri kwamba wapiga kura wajipange mstari hadharani, utaratibu ulioitwa mlolongo. Muge alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa walioupinga, pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki. Hata hivyo mlolongo ulitumika katika uchaguzi wa mwaka 1988. Muge alikemea pia rushwa na unyang'anyi wa ardhi.

Mwaka 1990 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi Februari Waziri wa Mambo ya Nje, Dakta Robert Ouko, aliuawa. Mwezi Agosti Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliwaonya Muge na Okullu hadharani wasikanyage Busia, kwani wakifika huenda wasitoke wakiwa hai. Busia haikuwa ndani ya dayosisi ya Muge, naye angaliweza kubaki nyumbani bila mtu kumlaumu. Lakini alikwenda, akakutana na watu, kisha akashika njia ya kurudi Eldoret. Huko Kipkaren gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo, lakini watu wengi hawakuridhika kwamba ilikuwa ajali tu. Zaidi ya miaka 20 baadaye habari hiyo ilisikilizwa tena mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano.

Si mara ya kwanza kwa askofu kugombana na wenye nguvu. Katika Uskoti ya kale, Robert Wishart, askofu wa Glasgow, alimsaidia Robert Bruce kupata ufalme kinyume cha mfalme wa Uingereza. Alikamatwa mwaka 1306, akawekwa kifungoni hata baada ya vita vya Bannockburn vya mwaka 1314, akarudi kwao akiwa kipofu. Lakini Wishart alipigania mfalme. Muge alisimama kwa ajili ya mtu asiye na unga nyumbani.

Mwezi Desemba 1990, miezi minne tu baada ya kifo chake, KANU iliacha mlolongo. Desemba iliyofuata Bunge likaruhusu vyama vingi. Kitale ilipata dayosisi yake mwaka 1997, kwa hiyo kazi aliyoifanya mtu mmoja imegawanyika mikononi mwa wengi.

Ndugu msomaji, si kila mtu ataitwa kwenda Busia. Lakini karani ana kalamu yake, na mkulima ana ulimi wake katika baraza. Mwaka mvua itakapokosa, tuandike na tuseme hesabu iliyo sawa, ili chakula kifike kabla ya jeneza.