Natafuta motokaa, napata madalali

Tangu mwezi wa Shaabani natafuta gari la kununua, na kila nikitoka kwenda kutazama moja, hurudi nyumbani kwa tuktuk. Ndugu msomaji, usinicheke. Huenda kesho ikawa zamu yako.

Kwa miaka 16 nilikuwa na Toyota 110, gari lililotufaa kwa arusi na kwa maziko. Mwaka huu injini yake ilianza kugonga. Fundi wangu wa Kisauni aliisikiliza, akafuta mikono, akaniambia kwamba kuitengeneza ni kutia maji katika pakacha. Lau ningekuwa peke yangu, ningepanda matatu kama wenzangu. Lakini mama yangu husafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, na akitoka kwenye mashine miguu yake haina nguvu. Mtu wa hali hiyo hawezi kugombea kiti na makanga.

Akiba yangu ilikuwa Sh380,000. Nilidhani kwamba sisi wa Mombasa, tunaoziona meli zikiingia Kilindini zimejaa magari ya Japani, tungepata nafuu. Kumbe ni kukaa pwani na kula samaki wa mkebe! Katika yadi ya kwanza, gari dogo la injini isiyofika sisi 1500 liliuzwa Sh1,100,000. Nilipomwuliza mwenye yadi kama haogopi Mungu, alitoa kalamu akanipigia hesabu, nami naitoa hapa ili wengine wafaidike.

Chukua gari ambalo forodha imelikadiria thamani ya Sh400,000. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Sh140,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, ambao ni Sh108,000. Juu ya hayo yote huja VAT ya asilimia 16, yaani Sh103,680. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na ya reli ya asilimia 2, ambazo hutozwa juu ya ile thamani ya kwanza, nazo ni Sh18,000. Jumla ni Sh369,680. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa gari moja hulipia karibu magari mawili. Wala thamani yenyewe si ile uliyolipa Japani. Forodha ina orodha yake ya bei za magari mapya, nayo hupunguza kulingana na umri wa gari.

Isitoshe, gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini. Nia ni njema, ili nchi yetu isigeuzwe jaa la vyuma vikuukuu. Lakini lile la miaka 10 au 12, ambalo mtu wa kipato changu angelimudu, halishuki bandarini. Lililobaki ni lile ambalo limekwisha kukanyaga barabara zetu, na hapo ndipo nilipoangukia mikononi mwa madalali.

"Ami, hili lilikuwa la mwalimu," aliniambia mmoja wao. "Likienda shule na msikitini tu." Mita ilionyesha kilomita 92,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma. Fundi alipoinua zulia, kidole chake kilipita katika kutu mpaka nje. La pili lilikuwa limepakwa rangi mara tatu upande mmoja. La tatu lilikuwa zima kabisa, ila mwenye jina katika kitabu cha gari amekwisha kufariki, na warithi wake hawajagawana mirathi. Ningelinunua, ningenunua na kesi.

Rafiki alinishauri nikope benki. Riba siitaki, kwa hivyo nilikwenda katika mojawapo ya benki za Kiislamu, ambazo zilianza kazi nchini 2008. Njia yao ya murabaha ni safi. Benki hulinunua gari kwanza likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu siku ya mapatano, nawe hulipa kidogo kidogo. Lakini walitaka hati ya mshahara, nami ni mtu wa duka dogo.

Ndipo nikaamua kuliuza lile 110. Dalali alinijia na mnunuzi, kijana wa Likoni aliyetaka kuanza biashara ya kupeleka samaki mahotelini. Kabla hajafika, dalali alininong'oneza, "Ami, tia mafuta mazito katika injini. Kelele itanyamaza wiki moja, na wewe utapata Sh180,000 zako."

Wallahi, nilinyamaza kitambo. Nilimfikiria mama. Nilifikiri pia kwamba wote walionidanganya pengine nao wana mama zao. Tangu Shaabani nilikuwa nikiwalaani watu hao, na sasa mkebe wa mafuta ulikuwa mkononi mwangu.

Nilimwita kijana, nikaiwasha injini, nikamwambia, "Sikiliza vizuri, mwanangu. Inagonga." Alilichukua kwa Sh70,000, kwa ajili ya bodi na tairi. Dalali aliondoka bila kuaga.

Nilipomweleza mama, aliniombea dua, kisha akaniuliza tuktuk itakuja saa ngapi.

Hivyo nina Sh450,000, na gari bado sijapata. Wanaopanga kodi ningewaomba walitazame gari dogo kwa jicho jingine, kwani wengine wetu hatulitafuti kwa fahari. Nawe msomaji, ikiwa una gari la kuuza, niambie ubovu wake kwanza. Bei tutaelewana, Insha Allah.