MENO YA MFUKONI

Mfanyakazi aangalie nini siku ya kupimwa meno bandia



Katika tawi letu moja la wafanyakazi wa minazi yupo mzee ambaye wenzake humtania kwamba meno yake yanaishi mfukoni. Mzee huyu alikuwa mkwezi. Nazi iliyoanguka ilimvunja meno manne ya mbele, na yaliyobaki ya juu yaling'olewa mojamoja kwa kuoza. Alijiwekea akiba kwa muda mrefu, akasafiri, akapimwa kinywa siku moja, na baada ya majuma kadhaa akarudi na meno mapya meupe. Tulimpongeza. Lakini siku ya tatu tulimkuta anakula muhogo kwa ufizi, na meno yamefungwa katika kitambaa. Akizungumza huanguka. Akitafuna huanguka. Huyavaa harusini, na hata huko huyatoa pilau ikifika.

Sisi wa kamati ya tawi tulisema mengi juu ya fundi aliyeyatengeneza. Baadaye tulipata nafasi ya kuongea na fundi mwingine wa meno, mtu mwenye subira, tukamwonyesha yale meno pamoja na sanamu ya plasta ambayo mzee alipewa. Fundi akayaweka meno juu ya plasta. Yalikaa sawasawa, hata ukucha haukuweza kupita. Akasema: kazi ya mikono haina kosa, kosa lipo kwenye plasta, kwa sababu hii plasta siyo kinywa cha mzee. Akatuonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya ufizi, pande zote mbili, haikuwamo kabisa. Kifaa kilichotumika kupimia kilikuwa kidogo kuliko taya lake.

Tangu siku hiyo tuliona ni wajibu wetu kuwaeleza wenzetu jambo hili, kwa maana wengi wanalipa fedha za jasho na kurudi na meno ya mfukoni.

CHAPA NA TREI

Meno bandia hayatengenezwi ndani ya kinywa. Hutengenezwa juu ya sanamu ya kinywa. Ili kupata sanamu, mganga wa meno hujaza uji mzito katika kifaa kama sinia dogo lenye mkono, hukiingiza kinywani, na uji ukishaganda hukitoa. Kinachobaki ndani yake ni chapa ya kinywa. Chapa hiyo humiminiwa plasta, na plasta ikikauka ndiyo sanamu. Kifaa hicho wataalamu hukiita trei.

Ndugu zetu wanaofyatua matofali wataelewa upesi. Kalibu ikipinda, tofali litapinda, hata udongo uwe mzuri namna gani. Trei ndiyo kalibu ya kinywa.

Kazi hii ina historia yake. Zamani huko Ulaya na Marekani meno bandia yalikuwa ya matajiri tu. Yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko kutoka Afrika, na mengine yalikuwa meno ya watu. Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa yakauzwa. Katika hesabu za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, imeandikwa mwaka 1784 kwamba watu weusi walilipwa kwa meno tisa yaliyotoka vinywani mwao. Hivyo meno ya mnyonge yalikuwa bidhaa ya kinywa cha bwana. Mganga wa Kijerumani Philipp Pfaff alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1756 namna ya kuchukua chapa kwa nta na kuijaza plasta. Katika karne ya 19 ulipopatikana mpira mgumu, ambao ulikandamizwa juu ya sanamu ya plasta, meno bandia yakawa rahisi na watu wa kawaida wakaanza kuyapata. Tangu hapo ubora wa meno umetegemea sana ubora wa chapa.

KUCHAGUA TREI

Trei za kawaida hutoka kiwandani zikiwa tayari, za chuma au za plastiki, kwa ukubwa mbalimbali. Ya juu ina tumbo la kufunika kaakaa. Ya chini ina umbo la kwato ya farasi ili kuacha nafasi ya ulimi. Trei ya mtu mwenye meno ina kina kirefu na sakafu bapa. Ya mtu asiye na meno ina kina kifupi na imeviringika kufuata ufizi. Nyingi zina matundu, ili uji upenye na kushika trei barabara.

Mambo ya kuangalia ni haya:

Kwanza, trei ijaribiwe kinywani ikiwa tupu. Mganga anayechota uji kabla ya kujaribu trei anabahatisha. Hata mganga mzoefu hujaribu mbili au tatu.

Pili, isibane. Kati ya trei na meno au ufizi itakiwa nafasi ya milimita 3 hadi 5 pande zote, karibu unene wa sarafu mbili zilizolaliana. Trei ikigusa jino au ufizi, mahali hapo uji hukosa unene na chapa hudanganya.

Tatu, ifike nyuma. Juu, ifunike vile vinundu vya ufizi vilivyo nyuma ya jino la mwisho. Chini, ifunike vimto laini vya ufizi vilivyo mwisho wa taya. Hapo ndipo mzee wetu alipokosewa. Meno ya juu yasiyo na jino la kushikia hushikwa na mate na ukingo unaozuia hewa isiingie, kama vioo viwili vilivyolowa maji vinavyokataa kuachana. Ukingo ukiwa mfupi, hewa huingia na meno huanguka.

Nne, trei iliyo fupi kidogo yaweza kuongezwa nta ukingoni. Huu si ujanja mbaya, ni kazi ya fundi hodari. Ubaya ni kutumia iliyopo kwa sababu ndiyo iliyopo.

Kwa mtu asiye na jino hata moja, trei ya kiwandani hutosha kwa chapa ya kwanza tu. Juu ya sanamu ya kwanza fundi hutengeneza trei maalumu ya kinywa hicho kimoja, kwa kawaida ya akriliki, na kwa trei hiyo huchukuliwa chapa ya pili iliyo sahihi zaidi. Kisha kuna siku ya kupima jinsi mataya yanavyokutana, na siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Kwa hiyo anayetaka meno kamili ategemee kwenda mara nne au tano. Anayeahidiwa yote kwa siku moja ajiulize.

KUITUMIA

Uji unaotumika sana ni unga wa alginati uliochanganywa na maji. Asili yake ni mwani wa kahawia wa baharini. Mwani wanaolima akina mama wa pwani zetu ni wa jamii nyingine na hutoa kitu kingine, lakini ni vizuri mtu wa pwani ajue kwamba kinachowekwa kinywani mwake kilitoka baharini. Kabla ya hapo ilitumika aga, itokanayo na mwani mwekundu, na nyingi ilitoka Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikatiza, Uingereza na Marekani ziligeukia alginati.

Alginati huganda kwa dakika chache, na maji ya moto huiharakisha. Kwa joto la pwani yetu, maji ya bomba lililopigwa jua huweza kuigandisha kabla trei haijakaa. Mganga mwangalifu hutumia maji safi yaliyopoa, na hupima unga na maji kwa vipimo vyake, hakisii kwa macho.

Mgonjwa akae wima. Trei ya juu hukandamizwa nyuma kwanza, halafu mbele, ili uji unaozidi utoke kuelekea midomoni usiende kooni. Wewe upumue kwa pua taratibu na kuinamisha kichwa mbele kidogo. Hivyo kichefuchefu hupungua. Kwa ya chini utaambiwa uinue ulimi. Trei isitikiswe mpaka uji ugande. Kisha hutolewa kwa mvuto mmoja wa haraka. Ikitolewa polepole kwa kuchezeshwa, chapa hunyumbuka na kupoteza umbo.

Ikishatoka, omba uionyeshwe. Usione haya, ni kinywa chako. Kama imechanika mahali muhimu, kama ina tundu la hewa, kama chuma cha trei kinaonekana ndani yake, au kama uji umebanduka kutoka kwenye trei, chapa hiyo irudiwe. Kurudia ni dakika kumi. Kutorudia ni miaka ya meno mfukoni.

Tena trei ya chuma lazima iwe imesafishwa na kupitishwa katika mashine ya mvuke kabla ya kinywa kingine, kwa ajili ya homa ya ini na maradhi mengine ya damu. Ya plastiki ya kutumika mara moja itupwe.

NJIA NI NDEFU, CHAPA HAINGOJI

Hapa ndipo shida yetu sisi wa kaskazini ya Cabo Delgado. Chapa ya alginati ikiachwa hewani hukauka na kusinyaa. Ikiachwa ndani ya maji huvimba. Yapaswa kuoshwa, kuuliwa vijidudu, kufunikwa kwa kitambaa kibichi, na kumiminiwa plasta mara moja, vizuri zaidi kabla dakika 15 hazijapita. Sasa kutoka Mocímboa da Praia mpaka Pemba ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Chapa iliyochukuliwa asubuhi na kupakiwa garini itafika ikiwa kinywa cha mtu mwingine.

Nasi tunajua yaliyopita. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na ikarudishwa Agosti 2021. Watu walikimbilia Pemba, Mueda, na wengine kuvuka Ruvuma, na vituo vya afya vikachomwa au kubaki vitupu. Mtu aliyerudi kujenga upya nyumba yake hawezi kupoteza safari.

Dawa yake si kubwa. Plasta imiminwe palepale penye kiti cha mganga, na kinachosafiri kiwe sanamu iliyokauka, imefungwa vizuri isivunjike. Mfuko wa plasta, bakuli la mpira na mwiko mdogo havihitaji umeme wala jengo jipya.

KAZI YA TAWI

Ndugu, jambo hili lisiachiwe mgonjwa peke yake. Sheria ya Kazi ya Msumbiji, Namba 13 ya mwaka 2023, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima ya ajali za kazini na magonjwa ya kazi. Aliyevunjwa meno kazini aandikishe ajali siku ileile, na meno yaliyopotea yatajwe kwa idadi. Mzee wetu hakuandikisha. Aliona haya kulalamikia meno wakati wengine wamevunjika miguu.

Kamati za matawi zinaweza kudai mambo matatu: ruhusa ya kwenda kwa mganga siku zote zinazohitajika bila kukatwa ujira, seti kamili ya trei, ndogo mpaka kubwa, popote wafanyakazi wetu wanapopimwa, na plasta ya kumimina hapohapo.

Mzee amekubali kupimwa upya. Safari hii mmoja wetu atamsindikiza, na ataulizia trei kabla ya uji.