Kujaribu Kikuza-Awali cha Hali ya Juu katika Urekodi wa Usemi na Muziki: Nafasi Yake katika Uhifadhi wa Kiswahili

Ikisiri

Miradi ya kukusanya usemi, fasihi simulizi na muziki wa Kiswahili hukutana mapema na swali la vifaa, na mara nyingi fedha nyingi huelekezwa kwenye kifaa chenye jina kubwa. Makala haya yanafafanua kazi ya kikuza-awali cha maikrofoni, namna ya kukijaribu kwa haki, na mazingira ambamo ubora wake husikika au hupotea. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki hakiwezi kupimwa peke yake, bila maikrofoni iliyo mbele yake na chumba kinachoizunguka.

1.0 Utangulizi

Siti binti Saad aliporekodi santuri zake za kwanza mjini Bombay mwaka 1928, urekodi wa umeme ulikuwa umeingia sokoni miaka mitatu tu kabla yake. Katika mfumo wa zamani, mwimbaji aliimba mbele ya pembe, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyoitikisa sindano iliyochora mfuo. Maikrofoni iliondoa mzigo huo kifuani mwa mwimbaji. Hata hivyo, ilileta tatizo jipya: umeme unaotoka ndani yake ni mdogo mno kuendesha mashine yoyote. Kifaa kinachoupokea umeme huo na kuukuza, kabla ya hatua nyingine zote, ndicho kikuza-awali, ambacho mafundi wengi hukiita priampu.

Kila kinasa sauti kina kikuza-awali ndani yake, hata kile cha kushika mkononi. Vile vya hali ya juu huuzwa peke yake, na bei ya njia moja au mbili tu inaweza kufikia maelfu ya dola za Marekani. Swali la mtafiti na la mshauri wa sera ni lile lile: tofauti hiyo ya bei inanunua nini?

2.0 Ukubwa wa kazi yenyewe

Mtu anayezungumza kwa utulivu hutoa sauti ya takriban desibeli 60 kwa umbali wa mita 1. Maikrofoni ikiwekwa sentimita 20 kutoka mdomoni, sauti hiyo hufika desibeli 74. Maikrofoni ya dainamiki ya Shure SM7B, inayopendwa sana na watangazaji, hutoa milivolti 1.12 tu kwa sauti ya desibeli 94. Kwa usemi huu wa desibeli 74 itatoa sehemu ya kumi ya kiasi hicho, yaani milivolti 0.112. Kuifikisha kwenye kiwango cha kawaida cha studio, ambacho ni volti 1.23, kunahitaji kukuza mara 11,000 hivi, sawa na desibeli 81. Vikuza-awali vingi vya bei ya wastani huishia karibu na desibeli 60.

Kila kinachokuzwa hukuzwa pamoja na mvumo. Sehemu ya mvumo huo haina dawa: joto hutikisa elektroni katika waya wa maikrofoni yenyewe, na kwa maikrofoni ya omu 150 kiwango chake ni takriban dBu -131 katika masafa yote yanayosikika. Kikuza-awali bora kabisa hakiwezi kushuka chini ya hapo. Vifaa vizuri hufikia -129, na vingi vya bei ya kawaida siku hizi hutangazwa kuwa na -127 au -128. Kwa mfano wa SM7B hapo juu, usemi una dBu -77 hivi. Kifaa cha -129 kitauacha desibeli 52 juu ya mvumo, na kile cha -127 kitauacha desibeli 50. Tofauti ni desibeli 2. Hii ndiyo sababu msikilizaji mwaminifu anaweza kukaa na vifaa viwili vya bei zinazoachana mara ishirini na asisikie mvumo wowote wa kuvitofautisha.

Maikrofoni ya kondensa hubadilisha hesabu yote. Neumann U 87 Ai hutoa milivolti 28 kwa desibeli 94, na mvumo wake wa ndani ni sawa na sauti ya desibeli 12. Usemi ule ule wa desibeli 74 utakuwa desibeli 62 juu ya mvumo wa maikrofoni, ilhali mvumo wa kikuza-awali chochote cha heshima utakuwa chini sana ya hapo. Kwa maikrofoni hii, kuongeza fedha kwenye kikuza-awali ili kupunguza mvumo ni kuzipoteza.

3.0 Chumba

Ofisi tulivu yenye feni na dirisha linaloelekea barabarani huwa na kelele ya takriban desibeli 35. Katika chumba hicho usemi wetu wa desibeli 74 unabaki desibeli 39 tu juu ya kelele, hata ukipitishwa kwenye kifaa ghali kuliko vyote duniani. Kuzima feni, kuziba dirisha na kutundika mablanketi mazito hadi kelele ifike desibeli 25 kunaongeza desibeli 10. Kusogeza maikrofoni kutoka sentimita 20 hadi 10 kunaongeza 6 nyingine bila gharama, ingawa hapo pumzi za /p/ na /b/ zitahitaji kukingwa, na besi ya sauti itanenepa.

Kwa mwanafonetiki jambo hili si la anasa. Katika Kimvita, paa la nyumba hutofautiana na p'aa wa porini kwa mpumuo mfupi tu baada ya kipasuo. Mpumuo huo ni kelele dhaifu ya masafa ya juu, na ndio unaomezwa kwanza na feni au mvumo. Vikwamizi /f/ na /th/ viko katika hatari ile ile. Rekodi ambayo sikio linaiona safi inaweza kumnyima mtafiti mpaka anaotaka kuupima.

4.0 Namna ya kujaribu

Kosa la kawaida katika majaribio ya vifaa hivi ni kulinganisha rekodi mbili zilizofanywa kwa nyakati mbili. Hakuna mghani anayerudia utenzi kwa nguvu ile ile, wala mpiga udi anayeugusa uzi kwa namna moja mara mbili. Onyesho moja linapaswa kuingia katika vifaa vyote viwili kwa pamoja, kwa kugawa mkondo wa maikrofoni kupitia transfoma ya kugawia. Kuunganisha waya mbili moja kwa moja hakufai, kwa kuwa kila kifaa kitaubebesha mkondo mzigo wa mwenzake.

Hatua ya pili ni kusawazisha viwango hadi tofauti isizidi sehemu ya kumi ya desibeli. Sikio la binadamu huiita sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ni bora, yenye uhai zaidi, hata pale ambapo hakuna kingine kilichobadilika. Sifa nyingi zinazomwagiwa vifaa ghali huenda zimezaliwa hapa. Hatua ya tatu ni kuwaficha wasikilizaji majina ya vifaa, na kurudia kila jozi mara za kutosha ili kubahatisha kusionekane kama kutambua. Mvumo wenyewe hupimwa kwa kuziba mlango wa kifaa kwa kizuizi cha omu 150 badala ya maikrofoni, kisha kurekodi kimya.

5.0 Uwazi na rangi

Muziki huuliza maswali ambayo usemi hauyaulizi. Katika kundi la taarabu, kanuni hutoa milipuko mifupi mikali nyuzi zinapodonolewa, na kikuza-awali kisicho na nafasi ya kutosha juu ya kiwango cha kazi huikata ncha zake. Hapa vifaa vizuri huonyesha thamani yake waziwazi.

Kuna pia vifaa vinavyopendwa kwa sababu vinabadilisha sauti. Neve 1073, iliyobuniwa mwaka 1970 na Rupert Neve wa Uingereza, hupitisha mkondo katika transfoma ambazo, zikisukumwa kwa nguvu, huongeza sauti tanzu juu ya sauti ya asili. Waimbaji huuita huo ujoto. Kifaa hicho pia huruhusu kuchagua impidansi ya kuingilia ya omu 1,200 au 300, na maikrofoni ya utepe hubadilika besi yake kwa kubadili swichi hiyo tu. Kwa upande mwingine, vifaa vya Millennia na Grace Design vya Marekani vinajulikana kwa kupitisha sauti jinsi ilivyo.

Kwa albamu, uchaguzi ni wa mwanamuziki na fundi wake. Kwa hifadhi ya taifa au kopasi ya utafiti, uwazi hauna mbadala: rangi inaweza kuongezwa baadaye kwenye nakala, lakini iliyokwisha kuingia kwenye rekodi mama haitoki.

6.0 Umeme na ununuzi

Vifaa vya studio hutegemea umeme wa ukutani, ambao katika Afrika Mashariki una hezi 50. Uunganishaji mbaya wa ardhi huingiza mngurumo wa hezi 50 na 100, na hezi 100 huangukia ndani ya masafa ya kidatu cha sauti ya mwanamume mzima, hivyo huharibu vipimo vya kiimbo. Kijijini, kinasa sauti cha betri chenye kikuza-awali cha wastani mara nyingi kitaleta data safi kuliko kifaa cha fahari kilichounganishwa na jenereta.

Hati za zabuni kwa kawaida hutaja chapa. Zingekuwa na manufaa zaidi zikidai namba: mvumo wa kuingilia kwa chanzo cha omu 150, upeo wa kukuza, kiwango cha juu kabla ya kukatika, na urekodi wa biti 24 kwa kilohezi 48 au zaidi, kama Shirikisho la Kimataifa la Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, linavyopendekeza. Fungu la chumba na mablanketi yake liandikwe katika mstari wake wenyewe wa bajeti, kabla ya fungu la kikuza-awali.