Kupiga Chapa kwa Kitambaa cha Hariri

Chukua kiunzi cha mbao, uwambe juu yake kitambaa chembamba cha hariri kama mtu awambavyo ngoma. Pale usipotaka rangi, ziba matundu kwa gundi. Weka karatasi chini, mimina rangi, uikokote kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Rangi hupenya palipo wazi tu. Kila rangi hutaka kiunzi chake.

Huko Manchester, Uingereza, Samuel Simon alipata hati ya uvumbuzi wa kazi hii mwaka 1907. Matangazo ya maduka ndiyo yaliyoitumia zaidi.

Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa Paris waliiteka shule ya sanaa, École des Beaux-Arts. Redio ya taifa ilikuwa mkononi mwa serikali. Wao walikuwa na kuta. Bango la kwanza walilipiga chapa kwa jiwe, kazi ya polepole mno. Mchoraji Guy de Rougemont akawaonyesha hariri, na mabango yakatoka kwa mamia. Kila mchoro ulijadiliwa na kupigiwa kura. Hakuna aliyetia sahihi. Tarehe 27 Juni polisi wakawatoa. Mabango hayo leo yamo katika majumba ya makumbusho, ingawa wenyewe walisema mahali pake ni barabarani na viwandani.