Mipango ya mirathi Handeni na Korogwe

Mipango ya mirathi ni maandalizi anayofanya mtu akiwa hai kuhusu mali atakayoiacha, warithi wake na msimamizi atakayeigawa. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga, maandalizi hayo hutegemea swali moja: mahakama itatumia sheria gani? Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Zinatumika sheria ya kimila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo nchi yenyewe iliirithi kutoka kwa Waingereza.

Mila na dini

Wazigua, wenyeji wa Handeni, kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Zamani watoto wa dada waliweza kumrithi mjomba wao. Wasambaa, wanaoishi Korogwe pamoja na Wazigua na Wabondei, hufuata upande wa baba. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi, lilitungwa kwa makabila ya ukoo wa baba. Kwa kanuni zake mjane hana fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Hutunzwa na watoto wake.

Wakazi wengi ni Waislamu. Kwa sheria yao mjane hupata 1/8 ikiwa marehemu ana watoto, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Wasia hauwezi kuzidi 1/3 ya mali.

Ndugu wakibishana kuhusu sheria ipi itumike, mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na nia yake. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, Mngoni aliyeishi Dar es Salaam alihesabiwa kuwa ameacha mila za kwao. Kabila peke yake, basi, si jibu.

Waliooana karibuni

Vijana huona kuzungumzia mirathi ni kujitabiria kifo. Hata hivyo huu ndio wakati wa kuandikisha ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kupata hati ya hakimilki ya kimila kwa pamoja, na Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo ambako MKURABITA ulijaribu urasimishaji wa ardhi hiyo.

Tuchukue familia ya Kiislamu yenye watoto na shamba la ekari 8. Likiwa na jina la mume tu, mjane atapata ekari 1, isipokuwa athibitishe mchango wake mahakamani. Likiwa na majina ya wote wawili kwa hisa sawa, ekari 4 ni zake tayari. Atarithi 1/8 ya zile 4 za marehemu, yaani nusu ekari, jumla ekari 4 na nusu. Fungu la dini halikuguswa. Kilichobadilika ni kiasi cha mali kilichoingia katika mirathi.

Wenye watoto wadogo, na wazee

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyefariki. Mfanyakazi wa mashamba ya mkonge, kama yale ya Ngombezi, akumbuke kwamba nyumba ya kambi ni ya mwajiri na hairithiwi. Kumbukumbu zake za NSSF zionyeshe watoto wote, pamoja na waliozaliwa baada ya kuajiriwa.

Kwa wazee jambo kubwa ni wasia. Wasia wa kimila ulioandikwa huhitaji mashahidi wasiopungua 2 kwa anayejua kusoma na kuandika, na 4 kwa asiyejua. Wa mdomo huhitaji 4. Mrithi asiwe shahidi. Unaweza kuhifadhiwa RITA, mahali salama kuliko sandukuni kwa mtoto mmoja.

Baada ya kifo

Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo humteua, naye anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Magomvi mengi hutokana na kudhani kwamba msimamizi ndiye mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki, na muhtasari wa kikao cha ukoo pekee haumpi ruhusa ya kuuza hata robo ekari.