Mafunzo ya Mwalimu wa Matamshi: Funzo Kutoka Duksi za Garissa

Mtihani wa Kiswahili wa KCSE hauna sehemu ya kuzungumza. Karatasi ya Kwanza ni insha, ya Pili ni lugha, ya Tatu ni fasihi. Mtahiniwa anaweza kupata gredi ya A bila mtahini yeyote kuisikia sauti yake. Pengine ndiyo sababu walimu wengi walipitia matamshi harakaharaka katika Kidato cha Kwanza, wakachora ulimi na ufizi ubaoni, kisha wakayasahau. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa uzembe huo humgharimu mwanafunzi wa Garissa, hasa katika fasihi, na kutalii jinsi mwalimu anavyoweza kujiandaa kuyafunza matamshi ipasavyo.

Wanafunzi wengi wa Garissa huzungumza Kisomali nyumbani. (Wamalakote wa kando ya Mto Tana wana lugha ya Kibantu, na mengi ya yafuatayo hayawahusu.) Kisomali kina /b/, /f/ na /s/, lakini hakina /p/, /v/ wala /z/. Kwa hivyo pata huwa bata, na vua huwa fua. Mtahiniwa anayeandika kuwa mhusika "alifua nguo" pale alipozivua amebadilisha kisa, si hijai tu. Isitoshe, tahajia ya Kisomali iliyorasimishwa mwaka 1972 hutumia dh kwa sauti tofauti kabisa, itamkwayo kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma. Mwanafunzi aliyeizoea huliona neno dhambi akadhani anaijua sauti yake.

Katika ushairi tatizo huwa kubwa zaidi. Shairi likiwa limechapishwa, macho humsaidia mtahiniwa kutenga kina cha -za na cha -sa, lakini akiambiwa atunge ubeti wake hutegemea sikio. Nayo mizani haionekani kwa macho hata kidogo. Kisomali hakianzi neno kwa konsonanti mbili, wala hakina nazali inayosimama kama silabi. Mwanafunzi basi huziona mtu na mbuzi kuwa za aina moja, akazihesabu kwa kubahatisha. Mtu lina mizani mbili, m-tu. Mbuzi pia lina mbili, mbu-zi. Mbwa lina mbili, m-bwa. Kanuni ya kitabuni haimfai kama hajasikia kwamba katika mtu na mbwa mkazo huangukia ile m, kwa kuwa ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Akipiga makofi huku akitamka, atasikia.

Tusidhani hata hivyo kwamba sikio la mwanafunzi huyu ni bovu. Ushairi wa Kisomali hudai konsonanti moja irudiwe mwanzoni mwa maneno, mshororo baada ya mshororo, hadi utungo uishe. Aliyelelewa na gabay ana sikio kali. Limezoea tu kutega mwanzo wa neno, wakati vina vyetu hukaa mwishoni. Mwalimu amwambie hivyo waziwazi.

Je, mwalimu mwenyewe hupata wapi ujuzi huu? Mwalimu wa sekondari husoma fonetiki kidogo chuoni kama sehemu ya isimu, kisha husajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu kwa masomo yake mawili. Usajili huo haumpimi kama mfunzi wa matamshi. Huko Marekani wapo walimu wa usemi wanaotunukiwa vyeti, hasa wanaofunza waigizaji. Edith Skinner, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1942, alifunza lafudhi moja aliyoihesabu kuwa bora. Baadaye Dudley Knight aliupinga mkabala huo, akasisitiza kwamba mwanafunzi ajue kwanza midomo, ulimi na koo hufanya nini, ndipo achague lafudhi. Kwetu mkabala wa Knight ndio wenye manufaa, maana lafudhi ya Kisomali si kosa. Kosa ni pale maana inapopotea.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Garissa ina utaratibu mkongwe wa kumtahini mwalimu wa matamshi, nao ni ijaza ya tajwidi. Anayeitafuta huisoma Kurani mbele ya shekhe, akisahihishwa herufi kwa herufi, na akifaulu huidhinishwa kufunza wengine. Hufundishwa makhraj, yaani mahali herufi inapotamkiwa. Kwa hesabu mashuhuri ya Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, ni 17. Hufundishwa pia sifa za herufi, zikiwemo hams na jahr, ambazo hukaribiana sana na kile tunachokiita sighuna na ghuna.

Hapa ndipo penye faida kwa somo letu. Kiarabu nacho hakina /p/ wala /v/, ila kina /z/. Mwanafunzi aliyefunzwa barabara katika duksi anajua kwamba sin ni hams na zay ni jahr, na mahali pa kutamkia ni pale pale. Mwalimu amtake aweke vidole kooni, atamke sss kisha zzz, ausikie mtetemo. Baadaye atamke fff, aongeze mtetemo ule ule bila kuhamisha mdomo: hiyo ni /v/. Kwa /p/ safari ni ya kinyume. Aanze na /b/ kisha auondoe mtetemo. Karatasi mbele ya mdomo itatikisika kidogo zaidi. Hatua hizi tatu hutatua jozi tatu kwa jambo moja tu, yaani mtetemo wa koo. Sijaona kielelezo cha ubaoni kinachofanya kazi hiyo.

Baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Januari 2020, Tume iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Mwalimu mzawa aliyeachiwa pengo hilo huenda naye ana /p/ na /v/ za kubahatisha, lakini mara nyingi amepitia duksi. Na ajipime hivi: aandike jozi kumi kama pata na bata, vua na fua, zima na sima, thamani na samani, azichanganye, ajirekodi kwa simu akizisoma, kisha ampe mwenzake wa idara asikilize na kuandika anachosikia. Jozi zitakazoandikwa vibaya ndizo za kufanyia mazoezi kabla ya kuingia darasani.